Karamu na Kalamu: Juu ya Kupima Usomaji na Kuadhibu Makosa

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, si ajabu kumsikia mwanafunzi akisoma kitabuni kwamba mwalimu ameiweka karamu yake mezani. Kitabu kimeandika kalamu. Darasa hucheka, wino mwekundu hufanya kazi yake, na mtoto huketi akiwa amekwisha kujifunza jambo moja tu, nalo ni kunyamaza. Tunadai katika makala haya kwamba mtoto huyo hakupimwa, bali aliadhibiwa. Shule zetu nyingi hazijayatenga mambo hayo mawili, na kwa sababu hiyo zinayatupa jalalani maarifa ambayo zingeyapata bure kutoka katika madaftari ya wanafunzi wao.

Tuanze na lugha yenyewe, maana wengi wanaomhukumu mtoto wa Kikuria hawajapata kuisikiliza lugha ya mama yake. Kikuria ni lugha ya Kibantu, ndugu ya Kiswahili, nayo husemwa pande zote mbili za mpaka: Tarime na Serengeti upande wetu, Kehancha na vijiji vyake upande wa Kenya. Ni jirani wa Kingoreme, Kisimbiti, Kikabwa na Kizanaki. Lugha hii haitenganishi l na r. Ina sauti moja tu mahali ambapo Kiswahili kina mbili, na sikio la Mswahili huisikia sauti hiyo kuwa ni r. Basi mtoto aliyelelewa kwa Kikuria, anapokutana na kula na kura, hali na hari, mahali na mahari, hukutana na tofauti ambayo lugha yake haikumdai kamwe aisikie. Ataandika kwamba baba amekwenda mahari pa kazi. Na katika nchi ambayo mahari ni ng'ombe, na ng'ombe ndio mali, sentensi hiyo huwafanya wazee watabasamu. Lakini kichekesho si kipimo. Mtoto anajua vema kabisa baba yake amekwenda wapi.

Kisha tazama linalotokea baada ya kuchekwa na kuchapwa. Mtoto huyo huanza kuihofia r popote aionapo, hata mahali pake halali, na sasa anaandika balua, habali, balabala. Hapo mwalimu husema, "Huyu hasikii wala haelewi, leo anakosea huku, kesho anakosea kule." La hasha. Kosa la kwanza lilitoka nyumbani, likiwa na sababu yake katika lugha. Kosa la pili limetengenezwa darasani, na sababu yake ni woga. Mwalimu anayeyajumlisha yote mawili na kuyaita "tahajia mbaya" hajajua kwamba la pili ni lake.

Yapo makosa mengine yenye adabu kubwa zaidi kuliko hayo, tukiruhusiwa kusema hivyo. Utamkuta mwanafunzi anaandika gutoka, gusoma, gukata, na katika ukurasa uleule anaandika kurudi, kubeba, kumaliza bila dosari yoyote. Asiyejua atasema kwamba mtoto anabahatisha. Lakini angalia vizuri: g imetokea tu pale ambapo konsonanti inayofuata ni t, s au k, yaani sauti zisizo na ghuna. Palipo na r, b au m, k imebaki salama. Hii ni kanuni ya Kikuria. Kwa Kikuria kukaanga ni ogokaraanga, lakini kuuma kwa meno ni okoroma. Go kwa lile, ko kwa hili. Ndiyo maana wenyewe huiita lugha yao Igikuria. Wanaisimu wanaijua kanuni hii tangu mwanzoni mwa karne ya 20, nao huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyeiona katika Kinyamwezi. Inapatikana katika lugha nyingi za Afrika Mashariki. Mtoto wa miaka tisa anaifuata bila kuelezwa na mtu, wala hakosei katika kuifuata. Akili inayoweza kuishika kanuni kama hiyo, na kuihamishia katika lugha ya pili kwa uaminifu wote, haistahili kuitwa nzito.

Tukishuka upande wa ziwa, kwa Wajaluo wa Rorya, wilaya iliyokuwa sehemu ya Tarime kabla ya kugawanywa, mambo hubadilika kabisa. Kijaluo si lugha ya Kibantu. Hakina ngeli kama zetu, kwa hiyo upatanisho wa kisarufi wa kitabu changu, vitabu vyangu, embe langu ni nyumba ngeni yenye vyumba vingi kupita kiasi. Hakina sh wala z, kwa hiyo shida huwa sida, na zamani huwa samani. Watoto wa namna hizi mbili hukaa dawati moja katika miji kama Tarime na Sirari. Wamepewa sentensi moja, wamekosea mara tatu tatu, na wote wamepata saba katika kumi. Je, saba ya huyu ni saba ya yule? Mmoja anahitaji kuzoezwa sikio, mwenziwe anahitaji kufundishwa ngeli. Alama imewafanya kuwa pacha, na mwalimu aliyeiamini alama atawafundisha wote wawili somo lisilomfaa hata mmoja.

Mwaka 1967, mwaka uleule ambao Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, mtaalamu wa Kiingereza aitwaye Pit Corder alichapisha makala juu ya maana ya makosa ya mwanafunzi wa lugha. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Alitenganisha kuteleza na kukosea. Kuteleza humpata kila mtu, hata mzawa wa lugha, akiwa amechoka au ana haraka. Nako hakutufundishi kitu. Kukosea kwa utaratibu, kosa lilelile katika mazingira yaleyale, ni ushahidi wa sarufi ambayo mwanafunzi amekwisha kuijenga kichwani mwake hadi siku hiyo. Kwa mwalimu, kosa la namna hiyo ni kama alama ya mguu kwa msasi: lamwonyesha mwanafunzi yuko wapi na anaelekea wapi. Hatuitaji hoja hiyo kwa sababu imetoka Ulaya. Mama yeyote wa Kikuria aliyemlea mtoto na kumsikia akisema maneno yasiyokamilika aliijua tangu hapo. Hakumchapa, alimrudishia neno lililo sahihi na mazungumzo yakaendelea.

Basi kosa lisomwe. Lakini kuna jambo la pili, na kwa maoni yetu ni zito kuliko la kwanza: hata usomaji wenyewe hatuupimi. Katika madarasa mengi kusoma maana yake ni kusoma kwa sauti, na msomaji bora ni yule anayekwenda mbio bila kukwama. Tangu mpango wa Matokeo Makubwa Sasa wa mwaka 2013, lengo la maneno 50 kwa dakika limetajwa sana katika upimaji wa Darasa la Pili. Hatuna ugomvi na saa. Kasi ina kazi yake, kwa kuwa mtoto anayechukua dakika nzima kulivuka neno moja hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Ugomvi wetu ni na mwalimu anayedhani kwamba saa ikisimama, kazi imekwisha.

Tuchukue mfano, na msomaji aujaribu mwenyewe. "Mtomo alimkunuza mbeta kandokando ya lipura." Nani alimkunuza mbeta? Mtomo. Alimkunuzia wapi? Kandokando ya lipura. Mtomo alifanya nini? Alimkunuza mbeta. Maswali matatu, majibu matatu, alama zote. Na hakuna mtu yeyote katika Tanzania nzima anayejua mbeta ni nini, kwa sababu maneno hayo tumeyabuni sasa hivi. Maswali mengi ya ufahamu yanayoulizwa katika shule zetu ni ya aina hii. Humtaka mwanafunzi ainakili sentensi, wala hayamtaki aelewe. Na mtoto wa Tarime, ambaye nyumbani hasikii Kiswahili, amejifunza ufundi huu mapema sana, kwani ndio uliomwokoa. Anaweza kufika Darasa la Saba akiwa amefaulu ufahamu kila muhula, ilhali vitabu vyote alivyosoma vilikuwa habari za Mtomo na mbeta.

Hapa ndipo dhuluma ilipo. Yule aliyesoma karamu, akajua ni kitu cha kuandikia, amechekwa. Yule aliyesoma kalamu kwa matamshi ya Unguja mjini bila kujua habari inahusu nini, amepigiwa makofi.

Matunda yake yamekwisha kuonekana hadharani. Utafiti wa Uwezo uliofanywa nyumba kwa nyumba mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika kila watoto kumi wa Darasa la Tatu, watatu tu hivi waliweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilitangaza kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 walioingia Kidato cha Kwanza walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Watu walishangaa, wakauliza walifaulu vipi. Hapakuwa na la kushangaza. Mtihani ambao sehemu yake kubwa ni kuchagua herufi moja kati ya kadhaa huweza kufaulika kwa bahati, kwa jicho la pembeni, au kwa huruma ya jirani. Baadaye mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uligeuzwa ili mkazo uwe juu ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na Mara ikawa mmoja wa mikoa iliyosaidiwa na mradi wa EQUIP-Tanzania ulioanza mwaka 2014, uliotambua kwamba mtoto anayeanza shule bila Kiswahili anahitaji matayarisho ya pekee. Hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini kutambua kwamba mtoto ana lugha nyingine hakutoshi kama daftari lake bado linasomwa kana kwamba hana.

Tena kupima vizuri si jambo ambalo tunapaswa kuliagiza kutoka ng'ambo. Mkoa huu wa Mara ulikuwa mmoja wa mikoa minne ya Ziwa, pamoja na Mwanza, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambamo serikali na UNESCO waliendesha mradi wa kisomo chenye manufaa kati ya miaka 1968 na 1973. Vitabu vya kwanza viliandikwa juu ya pamba, uvuvi, ng'ombe na migomba, yaani juu ya mambo ambayo msomaji alikuwa anayajua tayari kwa mikono yake. Kampeni ya taifa ilipoenea, na mitihani ikafanywa mwaka 1975, 1977, 1981, 1983 na 1986, watu wazima hawakupangwa nani wa kwanza na nani wa mwisho. Walipangwa kwa hatua nne, na kila hatua ilisema mtu anaweza kufanya nini. Aliyefika hatua ya tatu alihesabiwa kuwa anajua kusoma na kuandika. Aliyefika ya nne ndiye aliyeweza kukitumia kisomo chake: kusoma gazeti, kufuata maelezo ya kitabu, kuweka hesabu zake mwenyewe. Twakubali kwamba takwimu za kampeni zile zilitangazwa kwa fahari nyingi, na kwamba wengi waliohesabiwa waliisahau elimu yao kwa kukosa cha kusoma. Hata hivyo mpango wenyewe ulikuwa na akili. Mkulima wa pamba wa miaka ya 1970 aliambiwa anaweza nini na bado hawezi nini. Mwanafunzi wa leo anaambiwa amepata 38.

Watatokea wenye kusema kwamba tunataka kukiharibu Kiswahili Sanifu. Kwamba tukiyavumilia makosa ya Tarime leo, kesho kila wilaya itakuwa na Kiswahili chake. Hoja hii haifai kupuuzwa, maana umoja wa lugha ni hazina ambayo taifa hili limeilipia. Lakini kusoma kosa si kulihalalisha. Tabibu anayemuuliza mgonjwa homa ilianza lini haipendi homa. Mwanafunzi lazima afike kwenye kalamu, kwenye kutoka, kwenye embe langu. Tunabishana juu ya njia tu. Tena tuambiane ukweli. Mtu wa Mombasa husema ndia pale ambapo Kiunguja husema njia, na hakuna anayethubutu kumwita mjinga. Tunasema hiyo ni lahaja, tunaiandikia vitabu. Kiunguja chenyewe kilifanywa msingi wa usanifu kwa uamuzi wa mkutano, huko Mombasa mwaka 1928. Hakikushuka kutoka mbinguni. Mtoto wa Nyamongo anapotamka r badala ya l, hicho tunakiita ushamba. Ni kwa mizani gani tofauti ya pwani ni utajiri na tofauti ya bara ni aibu? Hiyo ni kasumba. Wakoloni walitufundisha kuwacheka wenzetu kwa lafudhi, nasi tukayarithi mafundisho hayo pamoja na madawati.

Na tukumbuke kwamba mtu aliyekiweka Kiswahili mahali kilipo leo alitoka mkoa huuhuu. Mwalimu Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa ametoka nyumba ya Kizanaki. Kiswahili alikipata shuleni. Ndicho alichokitumia baadaye kuwatafsiria Watanzania tamthilia mbili za Shakespeare. Sisi hatujui madaftari yake ya mwanzo yalikuwa na wino mwekundu kiasi gani, lakini tungependa sana kuyaona.

Wapo pia walimu wenzetu ambao hawabishani nasi juu ya hoja, ila huuliza: kwa muda gani? Darasa lina wanafunzi themanini, mtihani wa wilaya uko mlangoni. Jibu letu ni kwamba kazi tunayoitaka ni ndogo kuliko ile inayofanywa sasa. Kusahihisha kila kosa katika insha themanini, na kurudia yaleyale wiki ijayo, ndiko kunakomaliza usiku wa mwalimu. Achague aina moja ya kosa kwa wiki. Awe na daftari lake moja, aandike humo makosa yanayojirudia na jinsi yanavyojirudia. Wiki ya l na r, afundishe sikio kwanza: ayatamke kula na kura, kalamu na karamu, wanafunzi wanyanyue mkono mmoja kwa hili na mwingine kwa lile, kabla hawajashika karatasi. Katika kupima ufahamu, awaache wasome kimya, wafunge kitabu, kisha mmoja asimulie habari kwa maneno yake. Akikwama kwa Kiswahili, aruhusiwe kumalizia kwa Kikuria na mwenziwe afasiri. Hapo mwalimu atajua katika dakika tano kama kilichokosekana ni habari au ni maneno ya kuisemea. Hayo ni maradhi mawili yenye dawa mbili.

Shule inayomvika mtoto kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani imejinyima kipimo hicho kwa mikono yake mwenyewe. Mwalimu aliyepangiwa kazi Tarime akitoka Kilimanjaro au Mbeya hawezi kulaumiwa kwa kutojua Kikuria. Alaumiwe aliyemtuma bila hata ukurasa mmoja unaomweleza kwamba huko aendako l na r ni sauti moja.

Kuhusu shule za sekondari tutasema machache, kwa kuwa huko shida huzidi maradufu. Mtoto aliyeanza na Kikuria, akapita katika Kiswahili bila kupimwa, anakabidhiwa biolojia kwa Kiingereza. Uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka 1984, uliotumia majaribio ya kujaza mapengo, ulionyesha kwamba walio wengi katika sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusoma masomo yao. Waandishi wake, baada ya kuona hayo yote, walipendekeza Kiingereza kiongezwe nguvu na kiendelee kufundishia. Kipimo kilisema jambo moja, wapimaji wakaamua jingine. Baraza la Mitihani sasa huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabaya, na kazi hiyo ni ya kusifiwa. Lakini taarifa ya nchi nzima haiwezi kueleza kwa nini mtahiniwa wa Mugumu alikosea tofauti na wa Newala. Hilo laweza kuelezwa na walio Mugumu.

Mji wa Tarime una chuo chake cha ualimu. Wanachuo huenda katika shule za jirani kwa mazoezi ya kufundisha, wakiwa na maandalio ya masomo yaliyoandikwa kwa mwandiko safi. Kila mmoja na aagizwe kurudi chuoni na madaftari kumi ya wanafunzi: ya Wakuria, Wajaluo, Wangoreme, Waikoma, makosa yakiwa yamepangwa kwa aina, na kila aina ikiwa na sababu yake pembeni. Baada ya miaka mitatu chuo kitakuwa na kitabu cha makosa ya Mara, kilichoandikwa na watu wa Mara, na mwalimu mgeni atakayeshuka kwenye basi atapewa nakala yake kabla hajapewa chaki.